Sungura Hana Baba

Kwetu mtu hafukuzwi kazi. Anahitimu.

Anavalishwa gauni jeupe, anapewa cheti na maua, anasoma maneno mawili matatu huku akilia, wateja nao wanalia, halafu kesho yake jina lake linafutwa ukutani. Ndivyo zilivyo desturi za mikahawa yetu hapa mtaani Akihabara. Jumatatu ile nilipofika kazini nilikuta bango mlangoni, picha yangu imezungushiwa maua: KINAKO ANAHITIMU JUMAPILI HII. NJOONI TUMUAGE.

Mwenye picha nilikuwa wa mwisho kujua.

Kama umejiunga nasi leo, nikupe kwa ufupi. Jina langu ni Chikage Tatsuno na nina miaka ishirini na tisa. Lakini nikishaingia mkahawa wa Sungura wa Mwezini, nina miaka kumi na saba na naitwa Kinako. Tunavaa aproni na masikio marefu. Mteja akiingia tunamwambia, "Karibu tena nyumbani, bwana," naye anajibu, "Nimerudi," kama mtu anayeingia kwake. Akituuliza tumetoka wapi, tunasema mwezini. Sungura wa mwezini hana umri, hana mtaa, hana baba.

Mimi baba ninaye. Anaitwa Teizo, anauza vipuri vya redio kibandani chini ya reli, hatua chache tu kutoka mkahawani, na miaka yote niliyovaa masikio alidhani niko kampuni ya bima. Wiki iliyopita niliwaacha pale spika zetu zilipokufa, meneja akaita fundi, na fundi aliyepanda ngazi akawa ni yeye.

Nilimwambia baba yangu mzazi, "Karibu tena nyumbani, bwana." Hakujibu.

Akatengeneza spika. Meneja kwa kumshukuru akamwandikisha uanachama palepale, akampa kadi yenye muhuri wa kwanza na sahani ya wali uliofunikwa kwa yai, na mimi ndiye niliyepangiwa kuchora juu ya yai kwa sosi ya nyanya.

"Nikuchoree nini, bwana?"

"Chochote."

Nikamchorea alama ya koili, ule waya wa redio uliozungushwa, ile aliyonifundisha kabla sijajua kusoma. Akala yote bila kuinua uso.

Najua baadhi yenu mmesema ningepiga magoti pale pale nimwombe radhi. Radhi ya nini? Kwamba nilimpikia mtu chai na kumwita bwana? Sijaiba, sijaua.

Nyumbani alinikalisha mezani na kofia yake kichwani. Baba ana kofia moja ya kazi, ya bluu, hata kula anakula nayo. Huivua mbele ya kitu kimoja tu: picha ya marehemu mama.

"Niahidi," akasema. "Mtu yeyote wa chini ya reli asijue kwamba wewe ni wangu. Kutoka mdomoni mwako lisitoke."

Muelewe na yeye. Miaka nenda miaka rudi, kwenye mikutano ya wenye vibanda, ni baba aliyekuwa akisimama kulalamika kuhusu "wale masikio" wanaoziba njia wakigawa vikaratasi vyao vya matangazo. Wenzake walikuwa wakimpigia makofi.

"Naahidi," nikasema. "Si wako. Umeridhika?"

Tangu siku hiyo akawa anaingia nyumbani kama mwizi. Anafungua mlango, anavua viatu, anapita. Katika nyumba za kwetu hata mtoto wa chekechea akitoka shule husema "Nimerudi". Baba aliacha. Mimi nikawa namkaribisha kila jioni, naye akawa ananipita kila jioni.

Basi, turudi kwenye bango.

Meneja Kurahashi ni mtu wa sauti laini, na inazidi kulainika kadiri anavyokuharibia maisha. Nilimkuta anapanga vikombe.

"Bosi, lile bango ni utani?"

"Kaa kwanza, Kinako."

"Nimesimama vizuri."

Akanigeuzia simu yake. Kwenye picha niko mtaani bila masikio, mvua inanyesha, nimeshika mwavuli. Chini ya mwavuli yuko mzee wa kofia, mkono wake kwenye mkono wangu. Tumebeba mfuko wa sokoni, na vitunguu majani virefu vimechomoza juu.

Naikumbuka siku hiyo. Tulikutana dukani kwa bahati, goti lake lilikuwa limemkamata, nami nikampa mkono. Hakuniambia neno njia nzima, lakini mkono hakuutoa.

"Huyu ni mwanachama wetu," Kurahashi akasema. "Muhuri nimemgongea mwenyewe. Kanuni ya kwanza ya nyumba hii ni ipi?"

"Hakuna kukutana na mteja nje."

"Na nyinyi mmeonekana mkiingia nyumba moja. Tena na vitunguu!"

Nikacheka. Nilijaribu kujizuia, nikashindwa. "Vitunguu ndivyo vilivyokuuma, bosi?"

"Unacheka? Mtu na mpenzi wake hununua keki. Vitunguu ni vya watu wanaoishi pamoja."

Maneno matatu tu yangemaliza kila kitu: ni baba yangu. Sikuyasema. Nilikuwa nimetoa ahadi. Niliitoa kwa hasira, lakini ahadi haiachi kuwa ahadi kwa sababu uliitoa umenuna.

"Sihitimu," nikasema.

"Bango limeshabandikwa."

"Libandue."

"Keki imeshaagizwa."

"Kula wewe."

Niseme wazi kwa nini sikukubali kuondoka, maana kazi za kubeba sinia ziko tele mjini. Kwenye ile kampuni ya bima niliwahi kweli kukaa mwaka mmoja, na hakuna aliyejua kama nipo au nimekufa. Hapa, nikikosa siku moja watu wanauliza. Hapa nimewafundisha kazi wote wanaovaa masikio. Ni kitu changu cha kwanza nilichokijenga kwa mikono yangu, na sikuwa tayari kukiacha nikiwa nimeinamisha kichwa kwa kosa ambalo si kosa.

Kesho yake akaja Hosoi.

Hosoi ni dereva wa gari la mizigo, mwanachama wetu wa tangu zamani, bonge la mtu anayekunywa soda ya tikiti kwa mrija. Mama yake alipofariki, alikaa wiki nzima bila kusikia mtu akimwambia karibu nyumbani, mpaka alipopanda ngazi zetu. Siku hiyo hakuuacha mlango kwa dakika nyingi, akilia, nami nikasimama naye.

Sasa alikaa mezani kwangu akiwa ameshika kofia yake mapajani.

"Dada Kinako, ile picha nimepiga mimi."

"Wewe, Hosoi?"

"Nilikuwa ng'ambo ya barabara. Sikuamini macho yangu. Nikawatumia wenzangu waniambie si wewe."

"Wakakwambiaje?"

"Wakasema ni wewe."

"Basi macho wanayo."

"Dada, sema tu si kweli. Sema ulikuwa unamvusha mzee wa watu barabara. Jumapili nitasimama mbele ya wote niseme nilikosea, yaishe."

Ungekuwa uongo mwepesi kuliko manyoya. Mlango alikuwa amenifungulia mwenyewe, kilichobaki ni mimi kupita. Lakini nilifikiria lile goti la baba, na ule mkono ambao hakuutoa, nikaona kumwita mzee wa watu itakuwa kumtupa barabarani.

"Ni kweli, Hosoi. Nilimshika mkono. Njia ilikuwa inateleza. Na kesho ikinyesha nitamshika tena."

Machozi yakamdondokea kwenye soda. "Ungenidanganya tu, dada," akasema. "Ningekuamini."

Mchana wa Alhamisi nikavua masikio, nikaenda chini ya reli. Sikwenda kuomba huruma. Nilikwenda kudai nifunguliwe ahadi yangu.

Njia ya pale ni nyembamba, mkikutana wawili mmoja anageuka ubavu. Baba alikuwa kibandani, mkono kwenye droo za koili. Mkabala naye, kwenye kibanda cha nyaya, alikaa Mzee Inubuse. Inubuse ni rafiki yake wa tangu ujana na mdomo wake hauna breki. Umwambie jambo saa nne asubuhi, ifikapo chakula cha mchana hata treni za juu zinalijua.

Baba akaniona. Akamtazama Inubuse. Akanigeukia.

"Karibu, dada," baba yangu akaniambia. "Unatafuta nini?"

Dada. Nilihisi kama nimemwagiwa maji baridi.

"Kuna kitu uliniambia nikifunge," nikasema. "Nimekuja unifungulie."

"Hapa hatufungui. Tunauza tu."

"Kinaniunguza, fundi."

"Kikifunguliwa kitaunguza wengi."

Inubuse akaingilia, maana hakuna siku aliyowahi kuacha. "Transfoma hiyo, dada? Mletee aione! Teizo anajifanya mkali, lakini hana neno." Halafu akanitazama vizuri. "Ngoja kwanza. Teizo, huyu sauti yake kama mmoja wa wale masikio wako."

"Siwajui hao," baba akasema.

Alisema huku akitia kapasita moja, kipuri kidogo cha redio, kwenye kijikaratasi, akakikunja juu vizuri, akanipa. Sikuwa nimeiomba. Nikalipa. Akanishukuru kama anavyomshukuru kila mtu. Niliumia, nisiwafiche. Niliumia kuliko siku ya yai, maana siku ya yai alinyamaza tu, na leo alisema.

Lakini mimi si mtu wa kuondoka kimyakimya. Nikageuka, nikasema kwa sauti ya kufika mwisho wa njia:

"Jumapili saa nane mchana kuna sungura mmoja anahitimishwa pale juu. Njooni mshangilie, mlitaka tupungue!"

Inubuse akacheka. "Kuna keki?"

"Ipo, mzee wangu. Kubwa."

Jumapili ikafika. Magari yalikuwa yamezuiwa kwenye barabara kuu kama kila Jumapili, watu wanatembea katikati ya lami kama wamepewa mji. Ukumbini kwetu hapakuwa na pa kutia mguu. Maua mpaka chooni. Gauni jeupe lilikuwa limetundikwa chumba cha kubadilishia, limepigwa pasi, nami nikaliacha papo hapo lilipo. Nikapanda jukwaani na aproni yangu ya siku ya kwanza, yenye kiraka, na masikio yangu.

Minong'ono ikaanza. Kurahashi akajifanya haoni. Akasoma kwa ile sauti yake ya pamba:

"Kwa kuwa Kinako ameamua kwa hiari yake kurudi mwezini, sisi sote wa nyumba hii..."

Kisha akainama, akaninyooshea cheti kwa mikono miwili.

Kwetu, kitu kikinyooshwa kwa mikono miwili hupokelewa kwa mikono miwili. Hata kama humpendi anayekupa. Hata kama hukitaki. Unapokea, unainama, kisha ukitaka unakwenda kukitupa jalalani nyumbani kwako. Sijawahi kuona mtu akiacha.

Mimi nikaweka mikono nyuma.

Mwanzo watu walidhani nimezidiwa na hisia. Mmoja akaanza kupiga makofi, akakoma. Kurahashi akabaki ameinama.

"Kinako," akanong'ona kutoka chini. "Pokea."

"Sipokei."

"Mgongo unaniuma."

"Si unyooke?"

Nikawageukia wateja.

"Mabwana zangu, sijaamua kitu kwa hiari. Na mwezini sirudi. Nimewakaribisha hapa mkiwa mmefukuzwa kazi, mkiwa mmefiwa, mkiwa mmelowa mpaka soksi. Hakuna hata mmoja niliyemuuliza anatembea na nani barabarani. Leo mnanifungia mlango kwa kuwa nilimshikia mzee mwavuli. Haya, nifukuzeni! Lakini mseme mmenifukuza. Kuhitimu, sihitimu."

Ukumbi ukalipuka. Wengine makofi, wengine matusi. Mmoja alipaza sauti, "Msaliti!" Mwingine akamwambia akae chini. Hosoi alikuwa amejiinamia kwenye kiti cha mbele, bonge zima limekuwa dogo.

Kurahashi alikuwa ameshanyooka. Mara ya kwanza nikasikia sauti yake halisi, na haikuwa laini.

"Sawa. Umetaka hadharani, iwe hadharani. Mtaje! Sema mbele ya hawa wote yule mzee ni nani wako. Ukisema, nikaridhika, bango nakwenda kulibandua mwenyewe na hiki cheti nakichana."

Watu wote wakanigeukia.

Ilikuwa pale, kwenye ncha ya ulimi. Kazi yangu, masikio yangu, jina langu ukutani, vyote kwa neno moja. Nikamkumbuka baba akikunja kile kijikaratasi. Siwajui hao. Yeye alinikana mchana kweupe, kwa nini mimi nimlinde? Nilijiuliza hivyo, naapa nilijiuliza. Na jibu lililokuja ni kwamba neno nililotoa ni langu, halikuwa lake. Nikilivunja nitakuwa nimejikana mwenyewe.

"Sisemi," nikasema.

"Basi vua masikio." Akanyoosha mkono. Mkono mmoja sasa, siyo miwili.

Nikapeleka mikono kichwani.

Kengele ya mlango ikalia.

Sasa, kengele ile ikilia, hata nyumba ikiwa inaungua, tunageuka. Imeshaingia kwenye damu. Wasichana wote ukumbini, na mimi juu ya jukwaa mikono ikiwa bado masikioni, tukageuka na kuitikia kwa sauti moja:

"Karibu tena nyumbani, bwana!"

Ndipo nikamwona.

Alisimama mlangoni na koti lake la kibandani, kofia kichwani, anatweta kwa ngazi. Mkononi ameshika ile kadi ya uanachama, ameiinua mbele kama mtu anayeogopa kuzuiwa getini. Watu wakaitazama kofia. Wakatazama simu zao. Wakaitazama kofia tena.

"Ndiye," Hosoi akasema.

Baba hakumtazama Hosoi. Hakumtazama mtu. Alinitazama mimi, na masikio yangu, na kiraka changu.

"Nimerudi," akasema. Kisha, kwa sauti ya chini: "Nimerudi, Chikage."

Wasomaji wangu, nilisahau nilipo. Jioni zote zile za kupitwa mlangoni zikanitoka mwilini mara moja. Nilitaka kushuka jukwaani nikampokee koti.

Lakini Kurahashi alikuwa ameshasikia. "Chikage ni nani?"

Hosoi akainuka polepole, uso mweupe kama wali. "Ni jina lake," akasema. "Jina lake la kweli. Sisi sote miaka yote hatulijui. Huyu mzee analijua!"

Hapo ndipo kila kitu kikageuka kichwa chini. Sungura hamwambii mteja jina lake, hata awe amekata kadi kumi. Zawadi aliyoniletea baba yangu ndiyo iliyokuwa ushahidi waliokuwa wakiutafuta.

"Mnaona!"

"Wanaishi pamoja!"

"Vitunguu!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma.

Kurahashi akashika sikio langu moja, akavuta. Nikashika la pili kwa mikono yote miwili. "Hutoi," nikamwambia. "Labda na kichwa." Nikamtazama baba. Ahadi niliitoa mimi, lakini mwenye kuifungua alikuwa yeye, na alikuwa amesimama pale, kadi bado ameiinua.

Nyuma yake, ngazini, nikasikia mtu anapanda akipuliza na kulalamika kuhusu wanaojenga maghorofa bila lifti. Kikachomoza kichwa cha upara juu ya bega la baba.

Mzee Inubuse. Alikuwa amefuata keki.

"Teizo!" akasema, na sauti yake ikajaa ukumbi mzima. "Kumbe ndiyo maana umefunga kibanda mchana! Wewe, mpinzani mkuu wa masikio! Na huyu si yule dada wa kapasita?" Akatazama huku, akatazama kule, akaona watu wote wanamtazama. Hata yeye akapunguza sauti. "Teizo, ndugu yangu. Huyu binti ni nani wako?"

Kurahashi akaacha sikio. Kibanda cha chini ya reli, wenzake wa miaka yote, mikutano, makofi, vyote vilikuwa vimesimama pale mlangoni vikiwa na upara, vinasubiri jibu.

Baba akamtazama Inubuse. Akanitazama mimi.

Kisha baba yangu akavua kofia.